Mbona picha ya wafanyakazi haina kiwanda?

SWALI: Mwangaluka dada wa safu ya sanaa. Mi niko kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, jioni nikitoka nachora chora, mabango ya saluni, migongo ya bajaji, vitu kama hivyo. Kuna jamaa kanitumia kwenye simu picha ya mchoraji wa Italia anaitwa Pellizza, watu kibao wanakuja mbele, wanaume wawili na mama aliyebeba mtoto ndo wametangulia, akaniambia hii ndo picha ya wafanyakazi. Sasa mbona sioni kiwanda, sioni mashine, hata jembe hamna? Na mi nataka kuchora wenzangu wa kazini, je nichore mashine au niache?
J., Igogo

JIBU: Asante sana kaka J., umeshika pale pale penye picha. Inaitwa Il Quarto Stato, yaani tabaka la nne, la watu wanaoishi kwa mikono yao, wakati matabaka ya juu ni mapadri, mamwinyi na matajiri wa mjini. Giuseppe Pellizza alizaliwa 1868 kijiji cha Volpedo kaskazini mwa Italia, na hao unaowaona ni majirani zake wa hapo hapo, aliwaita wakasimama akawachora na akawalipa, na yule mama anayetembea peku na mtoto mkononi ni mkewe Teresa.

Kiwanda hakipo kwa makusudi. Miaka ya nyuma, 1872 mpaka 1875, Mjerumani Adolph Menzel alishachora kiwanda cha chuma chenyewe, moto, magurudumu, wanaume wanasukuma chuma chekundu, wengine wananawa, wengine wanakula pembeni, na ni kazi nzuri sana, ukiiangalia unajua chuma kinavyotengenezwa. Lakini mwisho wa karne ile walikuja wachoraji wasimbolisti, wao kitu unachokiona wanakitumia kukuambia kitu ambacho jicho halikioni, na Pellizza alikuwa karibu nao. Mbelgiji Léon Frédéric naye kati ya 1895 na 1897 kachora maisha ya wafanyakazi kwa paneli tatu, mpangilio ule ule wa picha za altare kanisani. Kwa hiyo Pellizza kaondoa zana zote, wale watu wamegoma, hawajabeba kitu cha kazi, koti begani basi, nyuma yao kuna giza na jua linawapiga usoni, yaani wanatoka gizani wanakuja kwenye mwanga na wanakuja kwako wewe unayeangalia. Ukiweka mashine pale, jicho linakimbilia kwenye mashine, watu wanakuwa vipuri.

Na usidhani ilimjia siku moja. Alianza na Ambasciatori della fame, mabalozi wa njaa, mwanzoni mwa miaka ya 1890, halafu akachora nyingine kubwa inaitwa Fiumana, yaani mafuriko ya watu, bado hakuridhika. Mwezi wa 5 mwaka 1898 watu wa Milano waliandamana kwa sababu ya bei ya mkate na jeshi likawapiga mizinga, na mwaka huo huo ndo akaanza turubai jipya, akalimaliza 1901. Lina upana wa mita 5 na nusu hivi na urefu karibu mita 3, watu wanakaribia ukubwa wao halisi, kwenye simu hupati hata robo yake.

Sasa wewe. Nenda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba jioni, omba ruhusa kwanza, halafu simama ziwa likiwa mgongoni kwako. Makuli wakipandisha magunia ya dagaa jua linawapiga mgongoni, lakini wakirudi kuchukua mzigo mwingine wanakuja mikono mitupu na jua la magharibi limewajaa usoni. Hao ndo wachore. Mashine ya kiwandani kwenu iache kwanza, chora mtu unayemjua jina, anavyosimama akichoka, bega lipi linashuka, na ukimsimamisha muda mrefu mlipe maana huo muda ni hela yake. Usichore "mfanyakazi" wa kwenye bango la Mei Mosi mwenye misuli mikubwa, huyo hayupo popote.

SWALI: Huyo mchoraji alilipwa bei gani kwa picha kubwa hivyo?
Mama K., Nyakato

JIBU: Mama yangu, hii inaniuma kila nikiikumbuka. Aliionyesha Torino 1902, hakupata tuzo, na hakuiuza maisha yake yote. 1907 Teresa alifariki baada ya kujifungua, na mwaka huo huo Pellizza naye akajitoa uhai, hata miaka 40 hajafika. 1920 ndo watu wa Milano walichangishana hela ikanunuliwa kwa ajili ya jiji, na mpaka leo iko huko.

SWALI: Nafundisha shule ya msingi, nimesikia picha ile imechorwa kwa vidoa vidoa. Naweza kuwafundisha watoto bila gharama?
Mwalimu wa Nyegezi

JIBU: Unaweza kabisa mwalimu. Pellizza hakukoroga rangi mpaka ziwe moja, aliweka vistari na vidoa vidogo vya rangi safi kimoja pembeni ya kingine, macho yako ndo yanazichanganya ukikaa mbali. Wape watoto penseli za rangi mbili tu, njano na nyekundu, wajaze kiboksi kwa vistari vyembamba vinavyopishana bila kusuguana, halafu bandika karatasi ukutani warudi nyuma mpaka mwisho wa darasa, wataanza kupiga kelele kwamba wanaona rangi ya chungwa. Vistari vikiwa vinene haitokei, kwa hiyo chongeni penseli vizuri, na karatasi iwe nyeupe, ya kaki inaua rangi.