Maswali ya wasomaji: Nani hasa huandika vitabu vya maisha ya wanasoka?

Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza juu ya vitabu ambavyo wachezaji wa mpira hutoa kuhusu maisha yao. Nimefurahi sana, kwa sababu hapa kwetu tunaongea mpira kutoka asubuhi hadi usiku lakini kuusoma ni nadra. Nimechagua nne.

Kaka, habari ya kazi. Niko Kondele, Kisumu, naendesha boda. Nilinunua kitabu cha Zlatan Ibrahimović, yule mshambuliaji wa Sweden, cha mitumba nikakisoma usiku mpaka nikakimaliza, sasa jamaa mmoja hapa steji ananiambia ati hakuna mchezaji huandika kitabu chake, wote wanaandikiwa. Ni ukweli? Na kama ni ukweli, mimi nimesoma nini?

Ndugu yangu, huyo jamaa wa steji hajakudanganya sana. Wapo wanaojiandikia lakini wengi, hasa wale wa Ulaya, hawaketi chini na kalamu. Venye inafanyika ni hivi: kampuni ya vitabu inakubaliana na mchezaji pesa, inatafutwa mtu wa kuandika, mara nyingi mwanahabari wa michezo, huyo anaenda kwa mchezaji na kinasa sauti wanapiga story masaa na masaa, akirudi kwake anaandika yote kwa "mimi", mimi nilizaliwa hapa, mimi nilikasirika, alafu mchezaji anasoma, mawakili nao wanasoma na kukata penye panaweza kuleta kesi, ndo kitabu kinachapishwa.

Hicho chako kilitoka 2011 na aliyeshika kalamu ni David Lagercrantz, Mswidi, mtu wa riwaya. Yeye mwenyewe baadaye alisema hadharani kwamba hakufuata maneno ya Zlatan neno kwa neno, alimsikiliza mpaka akaishika sauti yake kisha akaandika. Unaweza kuona kama umeibiwa pesa yako. Mimi sioni hivyo hata kidogo. Rosengård, ule mtaa wa Malmö alikokulia, upo. Kuiba baiskeli, kukorofishana na kocha wake Guardiola pale Barcelona, hayo ni maisha yake na amekubali yawekwe chini ya jina lake. Lagercrantz alichofanya ni kuyapanga hadi wewe ukakesha, na hiyo ni kazi, si utapeli.

Kitu cha kuangalia ni kama mwenye jina anasimama na kilichoandikwa. Chukua Roy Keane, aliyekuwa nahodha wa Manchester United. Kitabu chake cha 2002 aliandikiwa na Eamon Dunphy, na mle ndani akaeleza ile rafu mbaya aliyomchezea Alf-Inge Haaland, babake yule mshambuliaji Erling, pale Old Trafford Aprili 2001, kwa namna ambayo kila aliyesoma alielewa ilikuwa ni kulipiza kisasi. Chama cha soka cha Uingereza kikamwita. Huko Keane akajitetea kwamba maneno makali yalikuwa ya mwandishi, na Dunphy mwenyewe akaja kueleza kwamba yeye ndiye aliyeyaweka hivyo kwa lugha yake. Haikusaidia. Alifungiwa mechi 5 na kutozwa faini ya pauni 150,000. Wayne Rooney naye, kitabu chake cha kwanza kilimtaja vibaya David Moyes, kocha wake wa zamani pale Everton, Moyes akaenda kwa mawakili, na mwaka 2008 ikabidi Rooney aombe msamaha na kulipa. Hakuna aliyesema alipe mwandishi peke yake. Kwa hivyo mwambie jamaa wa steji kwamba aliyeandika ni mwingine lakini anayejibu ni mwenye jina, na wewe umesoma kitabu cha Zlatan.

Hujambo mhariri. Mimi ni mwalimu, Bungoma. Naomba kuuliza, mtu wa miaka 20 ana maisha gani ya kuandika kitabu? Si hao wanatafuta pesa tu?

Sijambo mwalimu. Pesa ipo, tena nyingi. Rooney alipofika miaka 20 alipewa mkataba wa vitabu 5, na magazeti yalisema ni pauni milioni 5. Angalia pia mwaka wenyewe, 2006. Uingereza ilikuwa imetoka Kombe la Dunia la Ujerumani, imetolewa robo fainali na Ureno kwa penalti, Rooney mwenyewe na kadi nyekundu, na kabla mwaka uishe vikatoka vitabu vya Rooney, Gerrard, Lampard, Rio Ferdinand na Ashley Cole, wote wa timu moja! Bila shaka mikataba ilisainiwa watu wakidhani kombe linakuja nyumbani, na wachapishaji walitaka kuwahi Krismasi, wakati watu kule hununuliana vitabu kama zawadi. Vitabu vya haraka namna hiyo mara nyingi havina kitu, ni mechi baada ya mechi, na kila mtu anampenda kocha.

Lakini mwalimu, umri peke yake si kipimo changu. Mimi huuliza hiki kitabu kimemgharimu nini mwenyewe. Cole, aliyekuwa beki wa Arsenal, aliandika kwamba alikuwa kwa gari, karibu atoke barabarani kwa hasira, aliposikia Arsenal inampa pauni 55,000 kwa wiki badala ya 60,000. Alikuwa anajitetea, mashabiki wakamchukia zaidi, na mpaka leo hiyo ndo sentensi inakumbukwa. Na mimi naona ina thamani, kwa sababu inakuonyesha kabisa jinsi mchezaji wa kiwango hicho anavyoweza kuona pesa, hakuna mahojiano ya baada ya mechi yangekupa hiyo. Jaap Stam, beki wa Manchester United, naye 2001 alisema kocha wake Ferguson alimfuata kisiri kabla PSV, klabu yake ya Uholanzi, haijatoa ruhusa. Wiki chache baadaye akauzwa Lazio ya Italia, na gazeti lilikuwa limeshachapa vipande vyenye moto kabla kitabu kufika dukani. Ferguson amekana kwamba sababu ni kitabu, ila amekubali kwamba kumuuza lilikuwa kosa. Hivyo ndivyo vya kusoma mwalimu, penye mtu amesema kitu angeweza kunyamazia.

Shikamoo. Mimi ni mama, Nakuru. Kijana wangu yuko kidato cha tatu, hataki kusoma kitu chochote ila vitabu vya wachezaji, babake anasema ni upuzi na atavichoma. Nifanye nini?

Marahaba mama. Tafadhali baba asichome kitu. Kijana anayemaliza kitabu cha kurasa 300 kwa hiari yake ni kijana anasoma, na wengi hawasomi. Vitabu vya shule lazima asome, hilo halina mjadala, lakini hivi vingine viacheni.

Mimi ningependa tu mumpe vizuri zaidi. Mtafutie cha Tony Adams, nahodha wa zamani wa Arsenal, kilichotoka 1998, anaeleza pombe ilivyomfikisha hadi jela mwaka 1990 na jinsi alivyoacha, na baadaye alianzisha kliniki ya kusaidia wanamichezo wenye shida kama hiyo. Au cha Paul McGrath, wa 2006, beki wa Ireland ambaye babake alikuwa Mnigeria na ambaye alilelewa kwenye nyumba za watoto yatima Dublin, magoti yameharibika, pombe imemshika, na bado alicheza mpira wa ajabu. Ni vizito na vina lugha chafu mahali, kwa hivyo wewe soma kwanza. Kuna maktaba ya umma hapo Nakuru, anzia hapo kabla ya kutoa pesa, na mwambie baba asome hata sura moja ya McGrath usiku, tuone kama atashika kiberiti tena.

Mulembe kaka. Niko Vihiga. Mjomba wangu alichezea klabu kubwa miaka ya 80, sasa amezeeka na anasahau sahau. Nataka kuandika maisha yake lakini mimi si mwandishi na yeye si maarufu kama hao wa Ulaya. Pia hataki kusema juu ya viongozi waliokula pesa yao. Inawezekana?

Mulembe sana, na hii barua nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Inawezekana na inatakiwa. Tunajua Lagercrantz alimhoji Zlatan, sawa, lakini nani amemhoji beki wa AFC Leopards iliyochukua kombe la CECAFA, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, 1982, 1983 na 1984 mfululizo? Gor Mahia ilileta kombe la Afrika la washindi 1987, 2-2 kule Tunis na 1-1 Nairobi, wakashinda Esperance kwa mabao ya ugenini, na zaidi ya jina la Peter Dawo vijana wengi hawajui nani mwingine alikuwa uwanjani. Dunia inajua bao la Victor Wanyama dhidi ya Barcelona 2012, inajua McDonald Mariga alikuwa Inter ya Italia ilipochukua kombe la klabu bingwa Ulaya 2010, lakini baba yao Noah alichezea Leopards, na Divock Origi, aliyechezea Liverpool, ni mtoto wa Mike Okoth aliyechezea Harambee Stars. Hao baba wana mambo ya kusimulia. Joe Kadenge, nyota wa zamani wa mpira na mtu wa huko kwenu, ambaye mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alimtangaza redioni mpaka "Kadenge na mpira" ikawa usemi, alituacha Julai 2019, na kila mzee akienda hivyo anaenda na mechi zote.

Sasa kazi. Chukua simu, mrekodi, na mwache aongee Kimaragoli kama ndo lugha yake ya kukumbuka. Usimuulize "maisha yalikuwaje", hapo atakupa hotuba. Muulize mechi moja: mlisafiri na basi gani, nauli alitoa nani, njumu ulinunua wapi, mlikula nini, uliporudi kazini Jumatatu bosi alisema nini. Nenda mapema asubuhi, wazee wengi asubuhi wana nguvu ya kukumbuka. Alafu tafuta waliocheza naye uwasikize pia, wakipingana andika zote mbili. Tarehe na matokeo yaangalie kwenye magazeti ya zamani, maktaba ya McMillan na nyaraka za kitaifa Nairobi zinayo. Hatua ya mwisho, wewe na yeye muandikiane karatasi, nani anamiliki maneno na pesa ikija inagawanywa vipi, hata kama ni mjomba. Namba ya kitabu, ile ISBN, inatolewa na huduma ya maktaba ya taifa.

Na hao viongozi, usimlazimishe. Aeleze alichofanyiwa yeye, siku gani alilala njaa kambini, bila kumtaja mtu ambaye hana ushahidi juu yake, maana kesi ya kuchafuliwa jina ni ghali. Kuna mchezaji Mwingereza, Len Shackleton, mwaka 1955 aliweka kwenye kitabu chake sura kuhusu wakurugenzi wa klabu wanajua nini juu ya mpira, na ukurasa akauacha mweupe. Msomee mjomba hiyo. Pengine atacheka na aanze kuongea mwenyewe, na kama hatasema basi hiyo sura mtaiacha.

Ukimaliza mechi ya kwanza nitumie, hata ikiwa na makosa ya herufi, nitaisoma yote na nikurudishie na alama za kalamu.