Fundi Anajibu: Fomula moja, lugha tatu, shilingi inapotea

SWALI: Shikamoo Anko Fundi. Mi nimetengeneza mfumo wa chama cha wakulima wa zabibu huku Hombolo, mizani tunarekodi kwenye apu ya simu niliyoandika kwa Kotlin, ofisini kuna PHP inatoa risiti, afu ripoti ya mwezi naitoa kwa Python. Makato ya asilimia 3 nimeyakopi kote kutatu, fomula ile ile. Sasa risiti na ripoti zinapishana shilingi moja moja, tena sio zote, na mhasibu kaanza kuniangalia kama nimekula hela. Nimepitisha CPD, ile programu ya kusaka kodi zilizokopiwa, itafute zilizojirudia, inasema hamna kitu. Nakosea wapi?
Kijana wa Hombolo, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu, pole, shilingi moja kwa mkulima wa zabibu sio utani. Na kodi hapa ni za kompyuta jamani, wa TRA msiamke.

Chukua kilo 15 kwa bei ya 1,450, ni 21,750, asilimia 3 yake ni 652.5. Hiyo nusu ndo mchawi wako. round, ile amri ya kufanya namba iwe nzima, ya PHP inaipandisha, unapata 653. round ya Python ikikuta nusu kamili inakwenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, unapata 652. Sasa pima kilo 45, makato ni 1,957.5, na hapo wote wanasema 1,958 kwa sababu shufwa iko juu, ndo maana sio risiti zote zinapishana na ndo maana umehangaika hivyo. Kotlin ndo kituko kabisa, ukiandika round inafuata Python, ukiandika roundToInt inapanda kama PHP, lugha moja tabia mbili!

CPD usiilaumu, yenyewe inalinganisha vipande vya kodi ndani ya lugha moja, PHP na Python kwake ni kama Kigogo na Kirangi, haiwezi kujua mnasema jambo moja.

Ungekuwa mjini Area C ningekwambia hesabu yote ikae kwenye seva, simu iulize tu. Ila wewe mwenyewe unajua mtandao ukikata watu wamepanga foleni na makreti inakuwaje, kwa hiyo simu lazima ihesabu yenyewe na kurudia fomula hutakwepa. Basi kubaliana na mhasibu nusu iende wapi, afu achana na pointi: kama mnapima kilo nzima, zidisha kilo kwa bei kwa 3, jumlisha 50 (hiyo ni mkiamua nusu ipande), gawa kwa 100 utupe baki. Python tumia //, PHP tumia intdiv, Kotlin weka Long, yaani namba nzima. Afu andika faili moja la JSON, maandishi yanayosomwa na lugha zote, lenye mifano kama ishirini, hizo kilo 15 na 45 ziwemo, na majaribio ya lugha zote tatu yasome faili hilo hilo. Mkutano ukipandisha makato iwe 4 unaanza kubadili faili, lugha utakayosahau kuibadili itafeli jaribio na kupiga kelele yenyewe.

Ukaguzi wa namba za simu, zile tarakimu 9 baada ya 255, ukijirudia mara tatu wala sikugombezi, hiyo haibadilishwi na mkutano.

Risiti za zamani usiziguse. Chapisha zile zenye makato yaliyoishia na nusu, kaa na mhasibu, mzipige hesabu moja moja kwa kalkuleta ya mezani.