Kemia ya uchunguzi wa jinai: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nimemaliza kidato cha nne hapa Kayole, na kemia nimepata A-. Nataka digrii ya kemia ya uchunguzi wa jinai, ila baba anasema hiyo ni kazi ya maiti. Waonaje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mwambie baba maiti ni wa daktari wa patholojia. Sisi wa maabara tunaletewa vichupa vilivyopigwa lakiri. Chukua chang'aa inayodaiwa kuua watu. Methanoli, ambayo ni sumu, na ethanoli, ambayo ndiyo kileo cha kawaida, zote hazina rangi, kwa macho huambulii kitu. Lakini methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, ethanoli 78, na ndani ya mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha kemikali zilizochanganyika, kila moja hutokea kwa wakati wake. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na inataka kemia changanuzi, yaani ya kupima kilichomo na kiasi chake, na takwimu zilizokuingia barabara. Ndiyo maana mimi naipendelea digrii ya kemia ya kawaida, kama ile ya Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kuliko jina la kuvutia; ya jinai utaongeza baadaye. Halafu jizoeze kuongea. Mahakamani wakili atakuuliza nani alikishika kile kichupa, saa ngapi, na kilifungiwa wapi usiku ule. Ukibabaika, kesi yaweza kuanguka hata kama kipimo chako kilikuwa sahihi.