Maswali na majibu: Kolaitisi, dawa zake na chakula chake

Maswali ya safari hii yote yanahusu kolaitisi, yaani hali ya utando wa ndani wa utumbo mpana kuvimba, kuwa mwekundu na mara nyingi kutoka damu. Kuvimba huku wataalamu hukuita mchochota, nako kwenyewe si donge wala saratani. Nimeyapanga kuanzia kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anachunguzwa hadi kwa yule aliyekwisha kuishi na ugonjwa kwa miaka mingi.

Naharisha damu kwa wiki ya tano sasa. Daktari anasema huenda ni kolaitisi, lakini badala ya kunipa dawa ananituma kwenye vipimo. Kwa nini ananichelewesha?

Hakucheleweshi, anakukinga. Kolaitisi ni jina la hali, si jina la ugonjwa mmoja. Utumbo mpana unaweza kuvimba kwa sababu ya bakteria kama shigela, kwa sababu ya amiba, kwa sababu ya bakteria aitwaye Clostridioides difficile ambaye hujitokeza hasa baada ya mtu kutumia antibiotiki, au kwa sababu kinga ya mwili yenyewe imeugeukia utumbo na kuushambulia. Katika kundi hili la mwisho ndimo iliyomo kolaitisi ya vidonda, ambayo kwa kawaida huanzia kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na kupanda juu bila kuacha nafasi, na pia ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika sehemu yoyote kuanzia kinywani hadi tundu la haja kubwa, tena kwa kurukaruka na kwa kupenya unene wote wa ukuta wa utumbo.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua dawa. Steroidi, yaani dawa kali za kutuliza kinga na mchochota, humsaidia sana mtu ambaye kinga yake inaushambulia utumbo, lakini mtu mwenye amiba akipewa steroidi hizohizo, amiba wanaweza kuendelea kuula utumbo hadi ukatoboka. Kifua kikuu cha utumbo nacho hufanana na ugonjwa wa Crohn kiasi cha kuwababaisha hata wazoefu. Kwa hiyo choo kitapimwa kutafuta vimelea, damu itapimwa, na hatimaye utafanyiwa kolonoskopi, ambapo kamera ndogo huingizwa kupitia njia ya haja kubwa na vipande vidogo vya utando huchukuliwa ili vikaangaliwe kwa hadubini. Usikatae kuchukuliwa vipande hivyo hata ukiambiwa kwamba utando unaonekana mzima. Ipo aina ya kolaitisi inayomharisha mtu maji bila damu, hasa wanawake waliovuka umri wa kati, ambayo kamera haiioni kabisa na hadubini pekee ndiyo huifichua.

Nimetumia mesalazini, dawa ya kutuliza mchochota wa utumbo, kwa miezi mitatu na choo kimerudi kuwa cha kawaida. Naweza kuacha? Na je, ni lazima ile dawa ya kuweka nyuma? Naona haya.

Tafadhali usiache. Dalili huondoka mapema kuliko mchochota, na mtu anaweza kwenda chooni vizuri kabisa huku utando wake bado ni mwekundu na dhaifu. Wanaoacha dawa wanapojisikia vizuri huwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kuamka tena, na ukiamka huenda usitulizwe kwa urahisi ule wa kwanza. Kama unataka kujua utumbo umepona kiasi gani, omba kipimo cha kalprotektini, ambayo ni protini itokayo kwenye chembe nyeupe za damu na ambayo hupatikana kwa wingi katika choo cha mtu mwenye mchochota. Ni njia nyepesi ya kuchungulia ndani bila kamera.

Kuhusu haya, naielewa, na wengi hawathubutu hata kuitaja mbele ya daktari. Lakini mesalazini hufanya kazi kwa kuugusa utando wenyewe. Ndiyo maana vidonge vyake vingi vimetengenezwa visiyeyuke mpaka vifike chini, na havipaswi kutafunwa wala kusagwa. Ikiwa ugonjwa umeishia kwenye puru, dawa ya kuweka nyuma huishinda ile ya kumeza, na ikiwa umepanda hadi upande wa kushoto, kutumia zote mbili pamoja kuna nguvu kuliko kumeza peke yake. Iweke usiku baada ya kwenda haja, kisha ulale ubavu wa kushoto. Utakachohitaji zaidi ni kupimwa figo mara kwa mara, kwa kuwa kwa watu wachache dawa hii huzidhuru.

Steroidi zilinirudishia uhai ndani ya siku nne. Kwa nini daktari anapunguza dozi badala ya kuniachia?

Ni kweli kwamba dawa hizi huokoa. Mwaka 1955 madaktari Truelove na Witts wa Oxford walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa kotisoni, ambayo ni steroidi, hutuliza kolaitisi ya vidonda iliyoamka, na tangu hapo matibabu ya ugonjwa huu hayakuwa yaleyale tena. Lakini steroidi huzima moto tu na haziwezi kuuzuia usiwake tena. Kuzitumia kwa muda mrefu hupunguza uimara wa mifupa, hupandisha sukari na shinikizo la damu, huvuruga usingizi na hisia, na hufungua mlango kwa maambukizi. Kwa kawaida dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Usizikate ghafla hata siku moja, kwa sababu tezi zinazotengeneza homoni ya namna hiyo mwilini zinakuwa zimelala na zinahitaji muda wa kuamka.

Kama kila dozi inapoteremka ugonjwa unarudi, au umezihitaji mara mbili katika mwaka mmoja, hiyo ni dalili kwamba umefika wakati wa kuzungumzia dawa nyingine. Ipo azathioprini, ambayo hutuliza kinga polepole na inaweza kuchukua hadi miezi mitatu kabla ya kuonyesha matokeo, huku chembe za damu na ini vikipimwa. Zipo dawa za kibayolojia kama infliksimabu na adalimumabu, zinazozuia kemikali moja mahususi inayochochea mchochota, na vedolizumabu, ambayo kazi yake iko zaidi utumboni kuliko katika mwili mzima. Zipo pia za kumeza kama tofasitinibu. Kabla ya kuanza nyingi kati ya hizi ni lazima upimwe kifua kikuu kilichojificha na homa ya ini aina ya B, kwa sababu kinga ikitulizwa magonjwa hayo yanaweza kufufuka. Ukiona kituo kinaruka hatua hiyo, uliza.

Ni chakula gani kilichonisababishia ugonjwa huu, na sasa nile nini? Nimeshaacha nyama, maziwa, ngano, mayai na matunda, lakini bado naharisha.

Swali lako limenigusa, kwa sababu ndani yake naona mtu anayejilaumu na anayeelekea kufa njaa kwa hiari yake. Hakuna chakula kimoja ulichokula kikakupa kolaitisi ya vidonda. Ugonjwa hutokana na mchanganyiko wa urithi, kinga ya mwili, bakteria waishio utumboni na mazingira. Wala hakuna mlo uliothibitishwa kuiponya. Chakula kinaweza kupunguza dalili, kukurudishia nguvu na pengine kusaidia utumbo ubaki umetulia, lakini mchochota wako unahitaji dawa. Kuendelea kwako kuharisha licha ya kuacha yote hayo kunaonyesha kuwa tatizo halikuwa kwenye sahani.

Tenganisha nyakati mbili. Ugonjwa unapokuwa umeamka, utumbo hauwezi kazi nzito. Kula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku: wali mweupe, viazi vilivyomenywa, mboga zilizopikwa hadi zikalainika, mayai, samaki, kuku asiye na ngozi. Punguza mboga mbichi, karanga, mbegu, maganda, pilipili, kahawa na vinywaji vyenye sukari nyingi, na uache pombe. Wakati huohuo usisahau kwamba mwili wenye mchochota hula akiba yake wenyewe. Mtu mzima huhitaji wastani wa gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake ugonjwa ukiwa umetulia, lakini gramu 1.2 hadi 1.5 unapokuwa umeamka, maana yake mtu wa kilo 60 anahitaji kati ya gramu 72 na 90 kwa siku. Mtu aliyeacha nyama, mayai na maziwa kwa pamoja hawezi kufika huko kwa urahisi. Maji unayopoteza nayo yarudishwe pamoja na chumvi, na mchanganyiko ule wa chumvi na sukari wa kuzuia upungufu wa maji mwilini unafaa zaidi kuliko maji matupu.

Ugonjwa ukitulia, rudisha nyuzinyuzi taratibu. Ulaji wenye mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, samaki na mafuta ya mimea, na wenye nyama nyekundu na nyama za viwandani kidogo, ndio ninaoupendekeza kwa wengi. Isipokuwa kama una ugonjwa wa Crohn na umeambiwa kuwa njia ya utumbo imekuwa finyu mahali fulani: hapo nyuzinyuzi ngumu zinaweza kuziba njia, na ushauri wa daktari hutangulia.

Kuna watu ambao vipimo vinaonyesha utumbo umetulia lakini tumbo bado linajaa gesi na kuuma. Hao wanaweza kusaidiwa na mpango wa kupunguza sukari zinazochacha utumboni, kama zile zilizomo katika vitunguu, maharage na maziwa, uliofanyiwa utafiti na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia. Ni mpango wa wiki chache chini ya mtaalamu wa lishe, kisha vyakula hurudishwa kimoja kimoja. Hauondoi mchochota. Wewe anza na jambo dogo: rudisha mayai wiki hii, andika kila unachokula na jinsi tumbo linavyokuwa, kisha urudishe kingine. Chakula kibaki nje ikiwa tu kimekudhuru zaidi ya mara moja.

Je, maziwa ni sumu kwa mgonjwa wa kolaitisi?

Hapana. Baadhi ya watu hawawezi kumeng'enya laktosi, yaani sukari iliyomo katika maziwa, wawe na kolaitisi au wasiwe nayo, na hao mara nyingi huvumilia mtindi au jibini ngumu. Kama yanakukubali, kunywa. Mtu anayetumia steroidi anaihitaji sana kalisi iliyomo katika maziwa, madini ya kuimarisha mifupa.

Naweza kunywa diklofenaki kwa maumivu ya viungo, na loperamidi kuzuia kuharisha?

Diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake zinaweza kuuamsha ugonjwa, kwa hiyo tumia paracetamol na umweleze daktari kuhusu viungo hivyo, kwani maumivu ya viungo mara nyingi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Loperamidi inaweza kuruhusiwa kwa mtu ambaye ugonjwa wake umetulia, lakini wakati wa mlipuko mkali ni ya hatari: utumbo uliovimba ukisimamishwa unaweza kututumka, ukajaa hewa na kupasuka.

Mlipuko mkali ni upi? Ni kwenda choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa inayozidi nyuzi 37.8, au mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika, au upungufu mkubwa wa damu. Hali hiyo haisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na ikiwa tumbo limejaa na kuwa gumu, au mguu mmoja umevimba na kuuma, waambie mapema, kwa kuwa mchochota mkali huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa.

Manjano na shubiri vinaponya?

Kiini cha manjano, kikiongezwa juu ya mesalazini, kimeonyesha manufaa katika tafiti chache, kwa dozi kubwa kuliko ile ya mchuzi. Shubiri ya kunywa inaweza kukuharisha zaidi. Lolote utakalotumia, mwambie daktari, na lisichukue nafasi ya dawa.

Tunatafuta mtoto. Mume wangu anatumia salfasalazini nami nina azathioprini.

Salfasalazini, dawa ya jamii ya mesalazini, hupunguza mbegu za kiume, lakini hali hurudi baada ya miezi michache akihamishiwa mesalazini, na kwa kawaida hilo ndilo linalofanywa. Wewe usiache azathioprini kwa hofu. Kinachomdhuru mtoto zaidi ni ugonjwa kuamka wakati wa ujauzito, na heri kushika mimba ugonjwa ukiwa umetulia kwa angalau miezi mitatu. Methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ndiyo isiyoruhusiwa kabisa. Anza asidi ya foliki sasa, kabla ya mimba.

Nina miaka tisa na ugonjwa. Wameniambia nifanyiwe kolonoskopi ya uchunguzi, na kaka yangu anasema bora niondolewe utumbo wote.

Uchunguzi huo ni wa haki. Kolaitisi iliyoenea na kudumu huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana, na ndiyo maana uchunguzi huanza takriban miaka 8 baada ya dalili za kwanza, kisha hurudiwa kwa kufuata kiwango cha hatari ya kila mtu.

Upasuaji hufanywa pale dawa zinaposhindwa, au utumbo unapotishia kupasuka, au chembe za utando zinapoanza kubadilika kuelekea saratani. Kwa kolaitisi ya vidonda huondoa kabisa utumbo unaougua. Wengine hutengenezewa mfuko wa ndani kwa utumbo mwembamba na huendelea kwenda haja kwa njia ya kawaida, mara 4 hadi 8 kwa siku, ingawa mfuko huo nao unaweza kuvimba na kuhitaji antibiotiki. Wengine hutumia mfuko wa nje ya tumbo, na hao wanahitaji chumvi na maji zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu utumbo mpana ndio uliokuwa ukivinyonya na kuvirudisha mwilini. Muulize daktari wako hali ya utando wako baada ya kolonoskopi hii, ndipo wewe na kaka yako mzungumzie kisu.