Maswali ya wasomaji: Mstari wa hatari wa malaria

*Kituo chetu cha afya cha daraja la tatu kipo milimani Kabale, Uganda. Tumeambiwa tuchore grafu ya malaria ya kila wiki, lakini hakuna aliyetueleza mstari wa hatari unapatikana vipi. Wiki iliyopita tulipata wagonjwa 21. Huo ni mlipuko? Na wakitangaza mvua kubwa, tutoe tahadhari mara moja?*
Mtunza kumbukumbu, Kabale

Namba 21 peke yake haisemi kitu. Inategemea ni wiki ya ngapi na kituo chenu kimezoea nini. Fungua madaftari ya miaka mitano iliyopita, uchukue wiki ileile ya kila mwaka (wiki huanza Jumatatu na kuisha Jumapili), kisha uzipange namba kuanzia ndogo. Tuseme umepata 9, 12, 15, 18 na 22. Ya katikati, 15, ndiyo hali ya kawaida. Ya nne, 18, ndiyo mstari wa hatari. Kwa mfano huu, 21 imeuvuka, yaani ni dalili ya mlipuko. Rudia hivyo kwa wiki zote 52, kwa sababu mstari wa Mei si wa Agosti. Mwaka uliokuwa na mlipuko uuache nje, uchukue mwingine wa nyuma yake, la sivyo mstari utapanda juu na mlipuko ujao utapita chini yake bila kuonekana.

Kabla ya kupiga simu wilayani, rudi kwenye daftari. Hesabu waliothibitishwa kwa kipimo tu, usiwachanganye na waliotibiwa kwa dalili. Angalia waliorudi: kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona, hivyo mgonjwa mmoja huhesabiwa mara mbili. Kosa baya zaidi ni la upande wa pili. Vipimo vikiisha stoo, waliothibitishwa hupungua na grafu hushuka kana kwamba malaria imekwisha. Kwa hiyo chora pia asilimia ya waliokutwa na malaria kati ya waliopimwa: 21 kati ya 60 ni asilimia 35. Wiki isiyo na vipimo iandike hivyo, usiweke sifuri.

Daftari likithibitisha namba, toa taarifa siku hiyohiyo. Usingoje wiki ya pili ili upate uhakika. Wiki ya pili ikivuka tena, hoja yako inazidi nguvu tu. Taja vijiji wanakotoka wagonjwa, dawa mseto na sindano za artesunate (za malaria kali) zilizobaki, na vipimo vitatosha siku ngapi. Taarifa isiyo na hesabu ya stoo huchelewesha msaada.

Sasa mvua. Milimani, joto ndilo linaloamua. Kimelea cha *falciparum*, kile cha malaria hatari zaidi, hakikui ndani ya mbu chini ya nyuzi 16 hivi. Kanuni inayotumika sana ni kugawa 111 kwa idadi ya nyuzi zilizo juu ya 16, upate siku za kimelea kukomaa. Kwenye nyuzi 18 kimelea huhitaji siku 55 hivi, na mbu ni nadra kuishi hivyo. Kwenye nyuzi 20 ni siku 28. Kwenye 22 ni 18 au 19. Nyuzi mbili tu, na mlima uliokuwa salama si salama tena. Ndiyo maana mvua za El Niño za 1997 na 1998, zilizoambatana na joto, ziliwaumiza sana watu wa Kabale, ambao hawakuwa na kinga ya kutosha. Mabonde yaliyokaushwa mafunjo ili kulimwa nayo huwa na joto zaidi, basi viangalieni kwanza vijiji vya kandokando yake.

Kati ya mvua na wagonjwa hupita mwezi mmoja hadi mitatu. Utabiri wa mvua na joto utumieni kuagiza vipimo na dawa mapema na kukagua vyandarua. Msitangaze mlipuko kwa utabiri; gharika huweza hata kusomba viluwiluwi. Kengele hupigwa na grafu.

*Hapa Oyam malaria ipo mwaka mzima. Grafu hii ina faida gani kwetu?*
Mhudumu wa afya wa kijiji

Faida ipo, ila kwenu mtazame kinga dhidi ya mbu inapokoma kuliko mawingu. Upuliziaji wa dawa ya mbu majumbani uliposimamishwa kwenye wilaya kumi za kaskazini mwaka 2014, Oyam ikiwemo, malaria ilifumuka mwaka uliofuata. Andikeni kwenye grafu tarehe ya upuliziaji wa mwisho na ya ugawaji wa vyandarua. Tena, miaka ya upuliziaji isichanganywe na miaka isiyo nao katika kutafuta mstari. Wewe kijijini hesabu watoto wenye homa uliowapima kila wiki na waliokutwa na malaria, na upeleke namba zote mbili kituoni kila Jumatatu.