Maswali yenu: Mapinduzi ya Marekani yalibadili nini katika maisha ya watu?

Makala yangu kuhusu vita vya uhuru wa Marekani, vya 1775 hadi 1783, ambavyo makoloni ya Uingereza huko Amerika yalipigana ili kujitawala, imeleta barua nyingi. Wengi mmechoka na majenerali. Mnataka habari za watu wa kawaida. Nami naona huko ndiko kwenye utamu wa historia hii.

Shikamoo mwalimu. Tunasikia George Washington, kamanda wa jeshi, na Thomas Jefferson, mwandishi wa Tangazo la Uhuru la 1776, tu. Akina mama walikuwa wapi?

Marahaba. Walikuwa katikati ya ugomvi, maana ugomvi wenyewe ulihusu vitu vya nyumbani kama chai na vitambaa. Makoloni yalipogomea bidhaa za Uingereza, mgomo usingefika popote bila wanawake. Mwaka 1769 huko Newport, Rhode Island, walibeba magurudumu yao ya kusokotea uzi hadi nyumbani kwa mchungaji Ezra Stiles, wakasokota kutwa nzima. Mwaka 1774 wenzao 51 wa Edenton, North Carolina, walitia saini azimio la kuunga mkono mgomo, na London ikawatolea katuni ya kuwadhihaki.

Kinachonigusa zaidi ni cha Philadelphia, 1780. Esther Reed na wenzake walipita nyumba kwa nyumba wakichangisha fedha kwa ajili ya askari. Walitaka kila askari apewe pesa mkononi; Washington akakataa, akaomba mashati. Wakashona zaidi ya 2,000, na kila shati lilikuwa na jina la mwanamke aliyelishona. Reed alifariki kazi haijaisha. Sarah Bache, binti wa Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, akaimalizia.

Je, walipata haki ya kupiga kura?

Kwa muda, na New Jersey tu. Katiba yake ya 1776 ilimruhusu kila mkazi mwenye mali ya pauni 50. Mke wa mtu hakuhesabiwa kuwa na mali yake mwenyewe, kwa hiyo waliopiga kura ni wajane na wasioolewa, pamoja na watu weusi huru wenye mali. Mwaka 1807 bunge la jimbo likawafungia mlango wote hao, likabakiza wanaume weupe. Ni dhuluma, na inaumiza zaidi kwa kuwa walikuwa tayari wameionja haki hiyo.

Viongozi wa Marekani waliandika katika Tangazo la Uhuru kwamba watu wote wameumbwa sawa huku wakimiliki watumwa. Hawakuona aibu?

Wapo walioona, na wapo walioendelea kununua watu. Mimi navutiwa zaidi na watumwa wenyewe, walioyachukua maneno yale na kuyapeleka mahakamani.

Sheffield, magharibi mwa Massachusetts, aliishi mwanamke aliyeitwa Bett, mtumwa katika nyumba ya Kanali John Ashley. Inasimuliwa kwamba siku moja bibi wa nyumba aliinua koleo la jikoni, la moto, ampige msichana mwingine. Bett akaweka mkono wake. Kovu halikufutika, naye hakulificha. Alitaka watu waulize limetoka wapi.

Katiba mpya ya jimbo, ya 1780, ilitamka kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Bett akamwendea mwanasheria Theodore Sedgwick kutaka haki hiyo iwe yake pia. Agosti 1781 kesi ilisikilizwa Great Barrington, akiwa pamoja na mtumwa mwingine, Brom. Wakashinda, na Ashley akaamriwa kuwalipa shilingi 30. Bett akajiita Elizabeth Freeman, akafanya kazi ya mshahara hadi uzeeni. Kufikia 1783 mahakama kuu ya jimbo ilikuwa imeona kwamba utumwa haupatani na katiba hiyo.

Kwingine mambo yalikwenda polepole mno. Sheria ya Pennsylvania ya 1780 ilimwacha huru mtoto wa mtumwa aliyezaliwa baada yake, lakini mpaka afikishe miaka 28. Kusini utumwa ukazidi kushamiri.

Na dini?

Virginia wahubiri wa Kibaptisti walikuwa wakifungwa jela kwa kuhubiri bila kibali, na watu walilipa kodi ya kulitunza Kanisa la Kianglikana hata kama si lao. Sheria ya 1786, aliyoiandika Jefferson, ikakomesha kulazimishana. Massachusetts ilichelewa hadi 1833.

Wenyeji wa asili walifaidika?

Hapana. Shirikisho la Haudenosaunee, muungano wa mataifa sita ya wenyeji, liligawanyika: Waoneida wengi upande wa Wamarekani, Wamohawk wengi upande wa Waingereza. Mwaka 1779 jeshi la Jenerali Sullivan lilichoma vijiji vyao kama 40, likateketeza mahindi na kukata miti ya matunda. Mkataba wa Paris wa 1783, uliomaliza vita, uliwapa Wamarekani ardhi yao bila kuwataja.

Ni kweli baadhi ya watumwa walikimbilia kwa Waingereza?

Kweli, maelfu. Gavana wa Virginia, Lord Dunmore, alitangaza mwaka 1775 kwamba mtumwa wa muasi atakayeshika silaha upande wa mfalme atakuwa huru. Mmoja aliyetoroka ni Harry Washington, mtumwa wa George Washington mwenyewe, mzaliwa wa Afrika Magharibi. Mwaka 1783 aliondoka New York kwa meli pamoja na weusi wengine wapatao 3,000, wengi wao wakielekea Nova Scotia, katika Kanada ya leo, ambako walipewa ardhi duni na kubaguliwa. Mwaka 1792 alivuka bahari pamoja na wenzake kama 1,200 kwenda kuanzisha Freetown, Sierra Leone. Kampuni iliyotawala huko ikawadai kodi ya ardhi. Mwaka 1800 wakaasi, na Harry akahukumiwa kufukuzwa katika koloni hilo.