Kwa mnaoruka ziwani Bukavu na kutamani ubao wa mashindano

Wadogo zangu wa Nguba na Muhumba, nawaona mkiruka Kivu kutoka kwenye mawe. Roho mnayo, na hilo si dogo. Ila jiwe halirushi mtu. Ubao unakurusha, na kazi kubwa imo katika zile hatua chache kabla ya kuuacha.

Ubao wa mashindano ya kuruka majini ni wa alumini, urefu wake karibu mita 5, na hufungwa mita 1 au mita 3 juu ya maji. Olimpiki wanatumia wa mita 3. Chini yake kuna gurudumu unalolisogeza kwa mguu: ukilirudisha nyuma ubao unalainika na kupinda sana, lakini unachelewa kukurudisha juu, ukilipeleka mbele unakaza. Anayeanza hupenda ubao laini kwa sifa tu. Mguu usiojua kuusubiri utaruka wakati ubao bado unashuka, na nguvu yote inapotea. Tembea juu ya ubao, jirushe kidogo juu, tua kwenye ncha, ruka wima, ingia majini kwa miguu. Fanya hivyo hata miezi. Inachosha, najua.

Mnakimbilia salto nyingi, yaani kupinduka hewani, kwa sababu zinapigiwa makofi. Pigeni hesabu ya waamuzi kwanza. Wakiwa saba, alama mbili za juu na mbili za chini zinatupwa, tatu zinazobaki zinajumlishwa na kuzidishwa kwa kiwango cha ugumu, yaani namba ya ugumu wa mruko huo. Mruko wa ugumu 2.0 uliopata 7, 7 na 7.5 una pointi 43. Wa ugumu 3.0 uliopata 4 mara tatu una 36. Na ukiruka tofauti na ulivyoandikisha ni sifuri, hata uwe umeruka vizuri namna gani.

Sasa mikono. Ziwani mnaingia na viganja vimekutana kama mtu anayesali, maji yanatapakaa. Mkono mmoja ushike mwingine, kiganja kielekee maji, viwiko vikazwe, mabega yabane masikio. Ukishazama tu, fungua mikono pembeni. Kutoka mita 3 unafika majini kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa, bado hatujahesabu kimo ulichorushwa na ubao. Ndiyo maana wengi hufunga bendeji kwenye vifundo vya mikono. Tafuteni pia kitambaa cha kujifutia kabla ya kupanda: miguu yenye maji inachomoka mikononi unapojikunja.

Miruko ya kuangalia mbele huku mwili ukizunguka kurudi upande wa ubao, iacheni hadi kocha aseme. Greg Louganis wa Marekani aligonga kichwa kwenye ubao kwa mruko wa namna hiyo, Seoul, 1988. Alishonwa, akarudi, akachukua dhahabu. Lakini yeye tayari alikuwa bingwa wa Olimpiki tangu 1984, na daktari alikuwa hapo hapo. Ninyi anzeni kwenye trampolini, mkiwa mmefungwa mkanda na kocha ameshika kamba.